Mwalimu wa Kutoa Pumzi

"Hivi shoga, mtoto anayeshindwa kupumua nchi kavu, huko majini atapumulia wapi?"

Jirani yangu wa mlango wa pili aliniuliza hivyo Jumamosi moja asubuhi. Yeye ameshika ufagio, mimi nimemshika mjukuu wangu mkono, mfuko wa taulo begani. Nilicheka kile kicheko cha kuomba njia, nikapita. Lakini swali lilitembea nami mpaka mwisho wa barabara, kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiuliza lilelile wiki nzima.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku. Ana miaka minane, mtoto wa binti yangu ambaye ni msusi. Akiwa mzima mdomo haufungi: atakusimulia ndoto yake, atakusimulia na ya mwenzake, atakuuliza mchwa wanalala saa ngapi. Kwetu sisi kelele zake ndizo afya. Akinyamaza, nyumba nzima inasimama. Pumu humwanza kwa kukata maneno. Anasema nusu, anavuta, anasema nusu ya ile nusu, kisha anabaki kututazama tu, mabega yanapanda na kushuka, na kifua kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Shuleni walikuwa wamemsamehe kila kitu, kukimbia, kuruka kamba, hata kufagia darasa. Wenzake wakicheza yeye alikuwa mlinzi wa masweta.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetuelekeza. "Pale kwenye jengo la michezo kuna mwanamke anafundisha kuogelea watoto wenye pumu," alisema. "Haponyi, mama, asikudanganye mtu. Dawa zinaendelea vilevile. Lakini watoto wake nikiwaona hapa, wamekuja kwa miguu yao, kwa siku waliyopangiwa. Hawaji kwa kubebwa."

Ndivyo nilivyomjua Cherehani.

Jina hilo walimpa wafanyakazi wenzake wa bwawani, na ukimwona huulizi sababu. Mguu wake hautulii. Hata akisimama mahali pamoja kisigino kinapiga sakafu, tik tik tik, kama yuko kazini anashona. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, filimbi shingoni, na kwenye kamba hiyohiyo ya filimbi amefunga kimfuko cha kitambaa ambacho hakuna aliyejua ndani mna nini. Sisi wazazi na watoto tulimwita Kocha. Hakuwa na mume wala mtoto. Mama mmoja mdadisi alipomuuliza, alijibu, "Nikikaa na mtu dakika kumi ananiambia nitulie. Nimechoka kuambiwa nitulie."

"Basi kaa hata kidogo, Kocha, unatutia kizunguzungu."

"Nitakaa kesho."

Na kesho yake ilikuwa haifiki.

Darasa lilikuwa la saa tatu, lakini yeye saa moja yuko pale. Bwawa lenyewe ni la ndani, dogo, vigae vya kijani vilivyopauka, madirisha kumi na moja ya juu ambayo hufunguliwa kwa mti mrefu wenye ndoano. Maji yale hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa ikizidi, harufu yake hulala juu ya maji, palepale pua ya mtoto inapopita. Kwa mtoto mwingine ni harufu tu. Kwa watoto wetu ni ugomvi. Kwa hiyo Cherehani alifungua madirisha yote, kisha akapiga magoti ukingoni, akainamisha uso hadi karibu aguse maji, akanusa. Alinusa upande huu, akaenda upande ule, akanusa tena.

Fundi wa maji, mzee mwenye maneno yake, alikuwa hamwachi. "Cherehani, leo mchuzi una chumvi?"

"Imezidi. Nifungulie na milango."

"Nikifungua milango maji yatapoa."

"Yapoe. Pua yangu haijakubali."

"Pua yako ndiyo meneja siku hizi?"

"Muulize meneja kama yeye ana pua."

Pua isipokubali, hakuna mtoto aliyeingia. Siku hizo watoto walitembezwa uwanjani wakipuliza vipande vya karatasi, wakarudi nyumbani wamenuna.

Pua ikikubali, kila mtoto alikaa kwanza mbele yake. Alimwekea sikio mgongoni. Alimuuliza amelalaje wiki hii, amekohoa mara ngapi, amekimbia wapi. Ambao daktari amewaandikia, walivuta dawa yao kwanza. Halafu walizunguka bwawa kwa miguu, polepole, mara mbili, ndipo wakashuka ngazi.

Mimi nilidhani atawafundisha kuvuta hewa. Siku ya kwanza nikamsikia anamwambia Chiriku, "Usivute. Kuvuta kutakuja kwenyewe. Toa. Toa mpaka tumbo liguse mgongo."

Kila mtoto alipewa mpira mdogo mweupe, ule mwepesi wa kuchezea mezani, ausukume kwa pumzi kutoka ukuta huu hadi ule, anatembea, maji kifuani, midomo ameibana kama anayepoza chai. Ukipuliza kwa hasira mpira unakukimbia pembeni. Ukipuliza polepole, kwa muda mrefu, unakutii. Baadaye walitoa pumzi wakiwa wamezamisha uso, wanaimba wimbo humohumo majini, mapovu yanatoka. Chiriku wangu aliibuka anacheka.

"Bibi! Nimewasalimia samaki!"

"Humu hamna samaki, mama."

"Ndiyo maana hawajajibu!"

Miezi mitano ilipita hivyo. Katika miezi hiyo mitano hatukulala hospitali hata siku moja, na Chiriku alivuka bwawa kwa upana wake peke yake, akatoka akitetemeka kwa furaha. Shuleni aliacha kulinda masweta. Sitaki kutia chumvi. Si maji peke yake. Kocha ndiye aliyetushika masikio kuhusu dawa. Watoto hawa wana pampu mbili za kuvutia dawa kwa mdomo, na ni lazima nizieleze hapa. Ya bluu ni ya kufungua kifua kinapobana, na hufanya kazi mara moja. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hutuliza kifua kidogo kidogo; ukimpa mtoto aliyebanwa, haimsaidii wakati ule. Sisi tulikuwa tukimwona Chiriku mzima tunaiacha ile ya kahawia tukidhani tunamwonea huruma. Cherehani aligomba, kisigino kinapiga sakafu: "Mama, mnazima moto halafu mnamwaga mafuta!"

Alikuwa na utaratibu wake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kila mtoto alikuja na pampu zote mbili. Alichomoa kile kichupa cha chuma chenye dawa kutoka kwenye ganda lake la plastiki, akaosha maganda yote kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana unga wa dawa huganda kwenye tundu na mtoto akabonyeza bila kupata kitu. Akayakausha, akasoma jina la kila chuma, maana vyuma hufanana na rangi iko kwenye ganda tu, akakirudisha mahali pake. Watoto kumi na wawili, maganda ishirini na manne. Wazazi tulipenda sana Jumamosi hiyo. Ilitupunguzia kazi, na tuseme ukweli, ilitupunguzia na kufikiri.

Jumamosi moja kama hiyo fundi wa maji alikuwa likizo. Aliyeshika nafasi yake alikuwa na mkono mkunjufu. Alitia dawa kama anayemwagilia bustani. Kocha alipoinama kunusa, alikohoa. Nilimwona anajipapasa shingoni, kwenye kile kimfuko, kisha anaacha. Akaruka kwenye madirisha. Akarudi mezani, akachomoa vyuma vyote, akavilaza juu ya taulo safu mbili zilizonyooka, akaosha maganda. Hayajakauka vizuri, amekimbia kwa meneja kumwambia leo hakuna kuingia. Meneja akamwambia wazazi wamekuja toka mbali, asubiri mpaka saa tatu na nusu. Akarudi mbio. Mtoto mmoja anataka kwenda haja, mwingine amevua nguo tayari anasogea majini. Cherehani akawa anapachika vyuma kwenye maganda huku jicho liko kwenye maji na mdomo unawaita watoto. Mikono ina kazi yake, macho yana yake, miguu ina yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi nimekumbatia taulo, nikasema moyoni, huyu Mungu kampa mikono minne.

Nusu saa ilipotimia harufu ilikuwa imepungua. Alinusa pembe zote nne. Pua ikakubali. Watoto wakashuka.

Chiriku alikuwa katikati ya bwawa, anausukuma mpira wake na kuupigia kelele. Kisha nikasikia kimya. Wengine wote bado wanapiga kelele, lakini mimi nilisikia kimya cha mmoja. Sijasimama vizuri, na mlinzi wa bwawa hajainuka pale ukingoni, Cherehani yuko majini na nguo zake. Alimtoa, akamkalisha wima juu ya benchi, hakumlaza. "Tuko pamoja, Chiriku. Toa. Toa kidogo." Akashika pampu ya bluu ya Chiriku, akaipachika kwenye ile chupa ya plastiki aliyoitoboa kitakoni, ambayo watoto wadogo huvutia dawa isipotee hewani. Akabonyeza. Akahesabu pumzi. Akabonyeza tena, akahesabu tena. Akafika ya nne.

Hakuna kitu. Mabega ya mtoto yanazidi kupanda, midomo imeanza kubadilika rangi. Nilimwita Mungu kwa majina yote niyajuayo.

Mtu mwingine angeendelea kubonyeza. Cherehani aliacha. Hata kisigino kiliacha. Nilikuwa sijapata kuuona mguu ule umetulia, na kutulia kwake kulinitisha kuliko yote. Alichomoa chuma kutoka kwenye lile ganda la bluu, akakisogeza machoni, akasoma. Kisha akakitupa kando, akafungua kile kimfuko cha shingoni, akatoa pampu nyingine ya bluu, kuukuu, rangi imechubuka. Akachomoa chuma chake, akasoma jina la dawa kwa sauti, akarudisha, akabonyeza.

Moja. Mbili. Ya tatu. Tukingoja, tukihesabu. Kwenye ya sita Chiriku alitoa pumzi ndefu, ile ya mpira, midomo imebana. Akatoa nyingine. Akakohoa. Akasema, "Bibi... mpira wangu... umeenda wapi?"

Nilipiga magoti palepale kwenye vigae vyenye maji.

Meneja alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Lakini kabla halijafika, Cherehani aligeuka akawatazama wazazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua alichosoma kwenye kile chuma. Angekaa kimya tungembeba mabegani kama shujaa. Alisema, "Ngojeni. Asiondoke mtoto na pampu yake. Nimezichanganya. Nimetia dawa ya kahawia kwenye ganda la bluu. Ni mimi, na ni kwa haraka yangu."

Zikafunguliwa zote mezani. Nne kati ya ishirini na nne zilikuwa na chuma kisicho chake.

Baba wa mapacha, mtu mpole siku zote, ndiye aliyeuliza. "Na hiyo ya shingoni ni ya nani?"

"Yangu."

"Una maana wewe mwenyewe mgonjwa?"

"Tangu nina miaka mitatu."

"Na umetuficha! Sisi tunakukabidhi watoto majini. Siku ukibanwa wewe humo ndani, nani atawatoa?"

"Mlinzi wa bwawa huwa yupo ukingoni muda wote," alijibu, sauti imeshuka. "Lakini swali lako ni la haki, baba. Nilipaswa kuwaambia."

Jioni ile Chiriku alirudi nyumbani kutoka hospitali, mzima. Darasa halikurudi. Meneja alilifunga siku hiyohiyo.

Wiki tatu zile sitaki kuzikumbuka. Jumamosi ya kwanza Chiriku alivaa nguo yake ya kuogelea ndani ya gauni, akakaa mlangoni. Jumamosi ya pili alipuliza mpira juu ya meza mpaka ukaanguka nyuma ya kabati, hakuufuata. Wiki ya tatu shuleni walimrudishia masweta, maana mwalimu alisikia habari akaogopa. Alikuja kuniambia hilo kwa maneno machache sana, na kwake yeye maneno machache ni jambo zito.

Binti yangu alikuwa hataki kusikia. "Mama, alimpa mwanangu dawa isiyo yenyewe."

"Kisha akampa yenyewe."

"Baadaye!"

"Ndiyo, baadaye."

"Basi usimtetee."

Sikumtetea. Niliosha vyombo. Lakini nilikuwa najua, na yeye alijua, kwamba tangu mwanzo wa mwaka hatukuwa tumemwona mtoto wetu akikimbia ila kwa sababu ya mtu yule.

Jumapili alasiri mlango ukabishwa. Cherehani amesimama nje, hana filimbi. Kimfuko amekivaa juu ya nguo, mahali pa kuonekana. Tulimkaribisha kiti. Alikaa, kisigino kikaanza, akakikandamiza kwa mkono, kikaanza kingine.

Binti yangu hakuzunguka. "Kwa nini ulificha?"

"Mahali pa kwanza nilipoomba kazi ya kufundisha nilisema ukweli. Wakanipa glasi ya maji, wakanifungulia mlango." Akakigusa kile kimfuko. "Hapa nikaomba ya kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo. Hiyo hawaulizi kifua. Miaka minne nilisafisha nikiwatazama wanaofundishwa. Watu wakiondoka, mlinzi wa bwawa ananisimamia, nami najaribu. Nikafanya mtihani, nikapata cheti, sikusema. Nilipokuwa mtoto nilikalishwa, dada. Benchi la shule lina alama yangu. Kila kitu wananiambia kaa, usikimbie, tulia. Nilikaa mpaka kukaa kukaniuma. Nikajiambia nikikua sitakaa tena. Ndiyo hiyo haraka yangu. Siisingizii. Nawaambia tu ilipotoka."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia. Tuliona vidole vya miguu.

Cherehani akaeleza habari ya meneja. Daktari ameandika barua kwamba yeye anaweza kazi. Muuguzi ameenda mwenyewe kumsemea. Wazazi saba wamekubali kurudi, baba wa mapacha bado anafikiri. Lakini meneja ametoa sharti moja: kila darasa lazima kuwe na mtu mzima wa pili pale kwenye meza ya dawa, mzazi au mlezi, asiye mfanyakazi wa bwawa. Asipopatikana hadi Ijumaa, saa zile za Jumamosi watapewa watu wengine, na darasa limekwisha.

Binti yangu alitazama mikono yake, ile mikono ya kusuka vichwa vya watu kutwa.

"Chiriku," akaita, "toka huko. Unataka kurudi?"

"Nataka," likasema pazia.

"Huogopi?"

"Naogopa. Nataka."

Binti yangu akashusha pumzi. "Atarudi. Lakini mimi kusimama mezani siwezi. Jumamosi ndiyo siku yangu, vichwa vinanisubiri tangu alfajiri."

Cherehani akanigeukia mimi. Nilicheka, nikadhani anatania.

"Mimi? Mwanangu, mimi ni shule ya msingi tu, tena ya zamani. Nasoma kwa kidole. Ukurasa mmoja wa kitabu cha sala unanimalizia asubuhi nzima. Nitawachelewesha mpaka maji yapoe. Mtafute mwenye elimu yake."

"Wenye elimu wanasoma kama mimi," alisema. "Wanatupa jicho, wanapita. Ndivyo nilivyofanya siku ile." Kisigino kilikuwa kinapiga sakafu yangu, na safari hii hakukizuia. "Nakuomba, mama. Njoo Jumamosi saa moja, uje na miwani yako. Usome kila chuma kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa sauti, na mtoto yeyote asiguse maji mpaka umalize. Hata mimi nikikuharakisha, usikubali."